Jicho la Nyuma

Miaka ile ya tisini mji wa Lodwar ulikuwa na dereva mmoja tu mwanamke, jina lake Akai. Kwa Kiturkana, akai ni nyumba, ile ya kulala, ambayo mke huijenga kwa mikono yake mwenyewe. Sasa mwenye jina hilo akawa anaendesha gari ambalo ndani yake mna kitanda, meko ya gesi, sinki na kabati la nguo, yaani nyumba kamili juu ya magurudumu. Watu wa Lodwar, jua likishawafukuza barabarani, kazi yao ni kukaa kivulini na kuchambua majina ya wenzao, na hili waliliona ni zawadi. "Nyumba inaendesha nyumba," walisema kila gari lile lilipopita na vumbi lake.

Hawakukomea hapo. Nyuma ya gari, mkono mmoja kwenye ngazi, alisimama taniboi, yaani utingo, aliyeitwa Lokeno, na ekeno ni meko, pale panapowashwa moto. "Nyumba iko, jiko liko, ni moto tu hakuna," waliongeza, kisha wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lokeno alicheka nao, akawapungia mkono kama mbunge. Hawakujua kwamba moto ulikuwepo, tena wa siku nyingi, ila ulikuwa ukiunguza upande mmoja.

Gari lenyewe lilikuwa la Daktari, Mholanzi mzee aliyezunguka Turkana nzima akitibu macho. Alilala humo, alikula humo, na wagonjwa aliwapokea mlangoni pake. Alizungumza Kiswahili cha vitabuni, kilichonyooka kuliko barabara yoyote ya wilaya ile. Akai alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Nakeno, aliyekuwa shule ya bweni, na kwa heshima Lokeno alimwita Mama Nakeno. Jina la Akai alilitumia moyoni tu, akiwa peke yake.

Kazi ya taniboi ni kuchimba mchanga magurudumu yanapozama, kuweka mawe gari linapotaka kuteleza, na zaidi ya yote kumwongoza dereva anaporudi nyuma. Kazi hiyo ina lugha yake. Kofi moja kwenye bodi la gari ni simama, makofi mawili ni twende. Na gari linaporudi nyuma, taniboi huimba: "Kuja, kuja, kata kidogo, kuja, kuja kwangu." Hapo kwenye "kuja kwangu" ndipo Lokeno alipokuwa akiishi. Mbele ya polisi, mbele ya mapadri, mbele ya wake za watu, mwanamume mzima anamwambia mjane aje kwake, naye mjane anakuja, polepole, na gari zima, huku akimkazia macho kwenye kioo cha pembeni bila kupepesa. Kutwa nzima Akai alitazama barabara. Lokeno alitazamwa gari liliporudi nyuma, basi. Kama ingekuwa hiari yake, wangekuwa wanafika Kakuma kinyumenyume.

Zamani gari lilikuwa na jicho lake. Juu ya dirisha la nyuma palifungwa kamera ndogo, na mbele, karibu na usukani, palikuwa na kitelevisheni cha rangi ya kijivu kilichomwonyesha dereva mambo ya nyuma. Enzi hizo Daktari hakuhitaji taniboi. Kisha huko Kaaleng ngamia mmoja alilikuta gari limeegeshwa, akaona amepata mahali pazuri pa kujikuna makalio. Alijikuna mpaka kifuniko cha kamera kikapasuka, vumbi likaingia, na kitelevisheni kikabaki kinaonyesha mvua isiyonyesha. Ndipo Lokeno akaandikwa kazi. Kila walipopita Kaaleng aliwatazama ngamia kwa shukrani, kwa kuwa hakujua ni yupi aliyemfadhili.

Basi mfikirie Lokeno siku ile Daktari alipotangaza, katika uwanja wa misheni pale Lodwar, kwamba kamera mpya imefika kutoka Ulaya. Akai alipiga makofi. Mwanamke ambaye Lokeno hakuwahi kumwona akicheka na meno yote alisimama pale akipiga makofi kwa ajili ya kidude kinachotoshea ndani ya mkebe wa majani ya chai.

"Wewe unafurahia hiyo kitu?" Lokeno alimwuliza.

"Nafurahi sana. Mwaka mzima nasumbua Daktari alete."

Mwaka mzima. Kumbe Lokeno alipokuwa akiimba kule nyuma, huyu mama alikuwa mbele akiomba aletewe wa kumnyamazisha.

Mtu akimwonea wivu mtu mwenzake, ana la kufanya. Atamsengenya, atamnunia, mambo yakiharibika watashikana mashati. Lakini kidude utakianzia wapi? Lokeno alikichungulia kwenye boksi lake, kimezungushiwa sponji kama yai la kifalme, akakichukia kwa moyo wake wote. Kingesimama palepale alipokuwa akisimama yeye, kingemwonyesha Akai kila kitu, na hakikuhitaji chai wala ugali.

Mafundi wa Lodwar waliitazama kamera wakatikisa vichwa. Redio waliziweza, betri za malori waliziweza, hii hawakuitaka. Mmoja akasema kwamba Kakuma, kambini kwa wakimbizi, kuna Mdinka kutoka Sudan anayeitwa Mabil, mwenye banda la kuonyesha video, ambaye televisheni anazijua kama mchungaji anavyojua mbuzi wake. Siku ya kliniki ya Kakuma ilikuwa imekaribia hata hivyo. Wakafunga safari.

Mabil aliwakuta kwenye uwanja mdogo wa kliniki, nje ya uzio wa kambi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na begani alining'iniza mfuko wa bisibisi na testa. Alisalimia "Ejok" kwa lafudhi iliyochechemea, akampa Lokeno mkono, kisha akamgeukia dereva.

"Sista Akai," alisema, "mimi nasikia wewe ndio kapten wa hii gari."

Akai akacheka, tena na meno yote.

Sista Akai. Siku ya kwanza, hata jasho la safari halijakauka. Lokeno, aliyekuwa amesukuma gari lile kwenye mchanga wa kila lugga, mito ile mikavu, tangu Lokichar mpaka Lokichoggio, alikuwa bado kwenye Mama Nakeno. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu alihisi ndiyo kwanza anaugua.

Na kulikuwa na habari ya kiti. Daktari, kwa sababu ya mgongo wake, alisafiri amelala kitandani nyuma. Lokeno naye alisafiri nyuma, mlangoni, tayari kuruka chini. Kiti cha mbele, kando ya dereva, kilikuwa makao ya katoni za miwani, na tangu aanze kazi Lokeno hakuwahi kuona katoni hizo zikisogezwa kwa ajili ya mtu yeyote. Sasa Mabil alitaka kukaa karibu na kitelevisheni, na Akai mwenyewe akazibeba moja moja na kumpa Lokeno azipeleke nyuma.

"Shika polepole, hizo ni vioo," alimwambia.

Lokeno akashika polepole. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Yeye alianza kukonda palepale, katoni mkononi.

Mabil alipanda ngazi, ile ngazi ambayo chuma chake kilikuwa kimelainika kwa kiganja cha Lokeno, akafungua kamera mfu na kuilinganisha na mpya. Akaigeuzageuza. "Daktari, hawa wametuma ingine," alisema. "Hii si ya gari. Hii ni ya kulinda duka, ya kuangalia wezi. Lakini kamera ni kamera. Waya ni waya. Mimi natia." Kisha akamtazama Lokeno kwa upole. "Ndugu yangu, nishikie hapa."

Lokeno akashika waya. Wakati huo lilipita lori la kwenda Lokichoggio, limejaa mahindi ya msaada, na nyuma yake limeandikwa kwa rangi nyekundu: Mwenye Wivu Ajinyonge. Bahati nzuri Lokeno hakujua kusoma.

Kazi ilichukua mchana wote, kwa sababu umeme wa gari ulikuwa mwingi kuliko uliotakiwa na kamera, na ilibidi Mabil atafute cha kuupunguza. Hatimaye akaingia mbele, akakaa kwenye kile kiti, akabonyeza. Mvua ya kwenye kitelevisheni ikakatika. Picha ikatokea, safi, ya kijivu na nyeupe.

Nyuma ya gari palikuwa na hoteli ya udongo ya mama mmoja wa kambini aitwaye Achan, na kwenye ukuta wake palichorwa maandishi makubwa. Akai alijifunza kusoma ukubwani, kwa masista, ili apate leseni, na mpaka leo herufi zilikuwa zikimpa furaha ya kitu alichokinunua mwenyewe. Akasogeza uso karibu na kioo cha kitelevisheni.

"Ho-te-li ya A-chan," alisoma. "Chai. U-ga-li. Ma-ha-ra-gwe."

"Umeona?" Mabil alisema. "Maandishi inasomeka. Picha ikigeuka, maandishi inageuka. Hii haijageuka. Kalas, kazi imeisha."

Daktari naye akainama dirishani, akasoma hoteli yote mpaka maharagwe. "Hongera, Bwana Mabil," alisema. "Picha hii ni safi mno. Nitakuombea ruhusa ya kutoka kambini uje nasi Lodwar, uwe fundi wa vyombo vyangu vyote." Mabil aliangalia mikono yake, akasema asante kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyeahidiwa mambo mengi tangu avuke mpaka na sasa anaogopa kuamini.

"Lokeno, kuja uone," Akai aliita.

Lokeno alikanyaga kidaraja cha mlango, akaingiza kichwa. Kwa kuwa hakujua kusoma, maandishi hayakuwa na la kumdanganya. Aliiona hoteli tu. Kwenye kioo hoteli ilikuwa upande wa kulia. Akatoa kichwa nje, akatazama nyuma, akaiona hoteli yenyewe ya udongo: upande wa kushoto wa gari. Akaingiza kichwa tena. Bado ilikuwa kulia. Achan alitoka na karai, akamwaga maji, akaenda zake kushoto. Na yule Achan mdogo wa kwenye kioo akaenda zake kulia.

Kioo cha pembeni hakifanyi hivyo. Kwenye kioo cha pembeni, kilicho kulia kwako hubaki kulia. Hiki kilikuwa kimebadilisha mikono, na dereva atakayekifuata atakata usukani upande usiofaa. Kilichosomeka vizuri ndicho kilichokuwa kimegeuka. Ile kamera ya zamani, iliyojua kazi yake, ingeyaonyesha maandishi kinyume, lakini ile iliishi porini na michongoma, na nani husoma michongoma?

Neno lilimfika Lokeno mdomoni. Lilikuwa neno moja tu, imegeuka. Wakati huohuo Mabil alisema jambo, Akai akacheka na kumpiga begani kwa kiganja, kofi jepesi, na neno likarudi lilikotoka. Wacha. Si wana jicho? Kesho warudi nyuma na jicho lao, wagonge mti au debe la maji, Daktari aone ufundi wa mgeni ulivyo, na katoni zirudi mahali pake.

"Umeonaje?" Akai aliuliza.

"Ni nzuri," alisema Lokeno.

Kimya kingi kina mshindo, lakini ni nani huzikumbuka methali akiwa na hasira?

Kesho yake kliniki iliisha mapema. Mbele ya gari palikuwa na mabenchi na tangi la maji, kwa hiyo njia ya kutoka ilikuwa nyuma, kati ya hoteli ya Achan na uzio wa miiba. Akai akapanda, Mabil akakaa kando yake, Daktari akasimama mbele kwenye kivuli cha tangi. Wagonjwa waliomaliza, wengine wamefungwa bandeji jicho moja, walibaki kutazama kwa lile la pili.

"Lokeno," Daktari alisema, "leo usiseme neno. Nataka kuijaribu kamera peke yake."

Usiseme neno. Mbele ya watu wote wale. Lokeno alihisi masikio yanawaka moto. Siku zote alisimama nyuma upande wa kulia, upande wa dereva, mahali ambapo kioo cha pembeni kilimfikisha kwa Akai. Leo akaenda kushoto. Kioo cha pembeni cha huko kilichukuliwa na tawi la mgunga karibu na Kalemng'orok na hakikurudi. Akasimama na mgongo kwenye ukuta wa Achan, akakunja mikono kifuani, akafunga mdomo wake. Kama wana jicho, wamwone kwa jicho.

Gari likaanza kurudi, taratibu, limenyooka. Kisha mkia wake ukaanza kulala kushoto, kwenye hoteli. Lokeno akatabasamu. Ndiyo hiyo, alijiambia, lipige, livunje kona ya hoteli, tumsikie huyo kapten na fundi wake. Akasogea kando kulipisha. Mkia ukamfuata. Akasogea tena, na gari likazidi kukata, kana kwamba linamtafuta yeye na si mwingine. Upande mmoja sasa kulikuwa na rundo la kuni za Achan, nyuma kulikuwa na ukuta, na tabasamu lilikuwa limeshamwacha. Alitaka kupiga kelele. Koo lililoimba mwaka mzima halikutoa kitu. Bampa likamgusa nyonga, likamsukuma, ukuta ukabonyea nyuma yake, na Lokeno akanyanyua mkono akapiga bodi kofi moja.

Gari likasimama.

Ukuta ulipasuka na kummwagia udongo kichwani. Bampa lilikuwa limembana kwenye nyonga. Halikuvunja kitu, lakini kupumua ilikuwa kwa ruhusa. Upande wa pili wa ufa alitokea Achan, mwiko mkononi, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Hoteli yangu iko na mlango," alisema.

Lokeno alisikia mlango wa dereva ukifunguliwa na miguu ya Akai ikikimbia. Miguu haikuja kwake. Ilikimbilia upande wa kulia, ule mwingine. "Lokeno," sauti ikaita kutoka kule, "Lokeno, uko wapi?" Kisha ikazunguka, naye akatokea, akamwona amebanwa upande wa kushoto, akashika mdomo.

Akarudi mbio akalisogeza gari mbele kidogo, Lokeno akateleza chini mpaka akakaa kwenye udongo. Akai akaja akasimama mbele yake.

"Wewe ulikuwa kule," alisema, akionyesha kulia. "Mimi nimekuona kule, mahali yako ya kila siku. Nikakata nikukwepe. Nikaona unazidi kuja katikati, nikazidi kukata. Nakukwepa na nakukwepa."

Lokeno alimsikiliza, na maumivu ya nyonga yakasahaulika kwa muda. Kwenye kioo kile kidogo mwanamke huyu hakuwa akitazama hoteli wala uzio. Alikuwa akimtazama yeye. Gari lilimfuata pale ukutani kwa sababu dereva wake alikuwa akifanya kila awezalo asimguse.

Mabil alikuwa ameshashuka. Alitazama hoteli, akachungulia kitelevisheni, akatazama hoteli tena, akajipiga paji la uso. "Imegeuka," alisema. "Mimi niliangalia maandishi. Niliangalia maandishi tu."

Daktari alikuja kwa hatua ndefu, ndevu zikimtetemeka. "Bwana Mabil, kusanya vyombo vyako," alisema. "Umekaribia kumuua mtu. Sitaki kukuona tena hapa."

Mabil alianza kuokota bisibisi zake moja moja na kuziweka mfukoni, kwa utaratibu wa mtu ambaye si mara ya kwanza kuambiwa aondoke mahali.

Hapo Lokeno alikuwa amepata kila alichokitaka. Mgeni anaondoka, kamera imelaaniwa, na yeye ndiye mgonjwa wa kuhurumiwa. Hakuna aliyejua lolote. Ilimbidi tu ashike nyonga yake na kuugulia. Akainua macho amtazame Akai, aone huruma yake, na akaona mikono yake. Mikono ile iliyoshika usukani kutoka Kapedo mpaka Lokichoggio alikuwa ameificha kwapani, kana kwamba ndiyo iliyokosa.

"Daktari, usimfukuze," Lokeno alisema. "Mimi niliona jana."

"Uliona nini?"

"Hoteli iko kushoto, na kwa kioo iko kulia. Niliona. Nikanyamaza."

"Kwa sababu gani?"

Lokeno alitafuta sababu ya kiume. Alitafuta kwenye udongo, kwenye rundo la kuni, kwenye nyuso za watu wenye jicho mojamoja. Hakuipata. "Wivu," alisema.

Mgonjwa mmoja alianza kucheka, akaacha alipoona hana mwenzake. Daktari akauliza ni wivu wa nini, maana aliyekuwa hajui pale alikuwa yeye peke yake. Achan alimtazama Lokeno, akamtazama Akai, akaurudisha mwiko wake ndani.

Akai alichuchumaa ili macho yao yalingane.

"Baba Nakeno unajua alikufaje?"

"Lori," Lokeno alisema. "Nilisikia ni lori."

"Alikuwa taniboi kama wewe. Alisimama nyuma anaita kuja, kuja. Dereva alikuwa rafiki yake, wamekula sahani moja asubuhi. Hakumwona." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nilijifunza gari nijue vile mtu anaweza kukosa kuona mtu. Nikajua. Ni rahisi sana. Halafu kamera ikakufa, wakaniletea wewe. Kwa kile kioo cha pembeni mimi naona mkono wako peke yake. Mkono na ile sauti. Kila siku nikirudi nyuma naangalia huo mkono, nasema leo ndio leo. Ndio maana nilisumbua Daktari."

Yale macho yasiyopepesa, ambayo Lokeno aliyala kama asali mwaka mzima, yalikuwa macho ya mtu anayeogopa.

"Mimi nilitafuta jicho nisikuue," Akai alisema. "Wewe umekubali nikuue, bora tu jicho liharibike."

Akasimama, akajikung'uta vumbi magotini, akaenda kukaa kwenye usukani.

Mabil alikuwa amesikia yote. Bila kuambiwa aliweka mfuko chini, akaingia mbele, akafungua mgongo wa kitelevisheni na kubadilisha nafasi za nyaya mbili ndogo kwenye shingo ya kioo. Hoteli ya Achan ikahama kulia ikaenda kushoto, kunakostahili, na maandishi yake yakageuka kinyume, hayasomeki tena na mtu yeyote. Daktari alimpa mkono, akamwomba radhi kwa Kiswahili kirefu chenye viambishi vyote, na kumwambia kwamba habari ya ruhusa ya Lodwar iko palepale, safari ijayo wataondoka pamoja. Mabil kabla ya kwenda alimsaidia Lokeno kukanda udongo na kuziba ukuta. Walipomaliza, Mabil alisema, "Pole, ndugu yangu," na Lokeno aliona afadhali angetukanwa.

Alichechemea kuelekea mlango wa nyuma, mahali pake.

"Panda mbele," Akai alisema kupitia dirishani.

Kile kiti Lokeno alikuwa amekiota ndotoni mara nyingi, na kwenye ndoto hizo kulikuwa na mazungumzo. Sasa alikikalia. Kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni mwendo mrefu, wa mawe meusi, lugga kavu, na mbuzi wasiojua barabara ni ya nani, na mwendo wote huo Akai alitazama barabara. Lokeno alipitia akilini maneno ya kuomba msamaha, akayapanga, akayapangua. Walipokaribia mto alijikaza. "Mama Nakeno," alianza. Akai akabadilisha gia, na injini ikameza yaliyobaki.

Walifika uwanja wa misheni jua likiwa bado juu. Akai akazungusha gari, akatia gia ya nyuma. Mkono wa Lokeno, kwa mazoea, ukashika kitasa aruke chini.

"Kaa," Akai alisema.

Akakaa. Gari likaanza kurudi, kimya, hakuna wa kuimba. Akai alikuwa akitazama kitelevisheni na uso wake ulikuwa umetulia, hauna lile kunyanzi kati ya nyusi ambalo Lokeno siku zote alilidhania kuwa ni uso wake wa kawaida. Naye akatazama. Aliuona uwanja, uzio, vumbi, na upande wa kulia mahali pale ambapo angekuwa amesimama yeye. Hapakuwa na mtu. Gari likaingia kwenye nafasi yake, likasimama, Akai akazima injini, akatoa ufunguo. Halijawahi kuegeshwa vizuri namna ile.